Kukatika na Kukatwa

Saa nane usiku, St. John's, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
na jengo letu peke yake linang'aa juu ya kilima
kama jino la dhahabu kinywani mwa maiti.
Tuna jenereta. Shirika la umeme la serikali
likikosa umeme, watu watasemaje?

Watu wanasema. Ndiyo kazi yangu: kusikia.
Kifaa sikioni, chai ya rangi, na kwenye kioo
sentensi nne, nisizidishe, nisipunguze:
Tunaomba radhi. Mafundi wako njiani.
Hatuna muda kamili. Asante kwa subira yako.

Subira! Mama mmoja wa Torbay aliniambia
yake ameshaitia jikoni tangu saa tatu,
pamoja na miguu ya kiti.
Loretta Pynn. Hakuwa na hasira, alikuwa na habari:
nyama ameihamishia nje kwenye theluji,
ya yule mnyama wao mwenye pembe kama makoleo,
paja zima, "na mbweha akija
bili namtumia mkurugenzi wenu."
Shemeji yake, nyumba ya pili, ana jenereta,
inanguruma kama mwenyewe akilewa.
Nikacheka. Kucheka hakumo katika zile nne.

Kwetu Tanga tuliita mgao,
neno la sinia, la pilau ya hitima, kila mtu na fungu lake;
tukakaa gizani kama walioalikwa.
Hapa wanaita hitilafu.
Miaka kumi na moja nimeishi baina ya maneno haya
na bado sijamwona mtenda.

Maana kitenzi ni kijanja. Umeme umekatika:
kama uzi, kama mvua, kama kiuno cha mcheza ngoma,
wenyewe tu, bila mkono.
Lakini Wes Pardy, fundi wa mtambo wa pili,
aliandika mara tatu kwamba chujio limechakaa.
Barua ya kwanza imepokelewa.
Ya pili inashughulikiwa.
Ya tatu ilijibiwa na nembo mpya,
tone la bluu na jua mgongoni,
na mshauri aliyelichora hilo tone
akalipwa bei ya machujio mia mbili.
Bwawa la kaskazini limemeza mara mbili ya lilichoahidiwa
na bado limeachama.
Haukukatika, basi. Ulikatwa.
Fedha hazikupotea. Zilipotezwa.
Sarufi ina mahakama yake, ila haina askari.

Saa tisa kasorobo. Gus Kearley, ananong'ona
ili mtu wa kitandani asisikie.
Mkewe. Mashine ya oksijeni. Betri ya dakika arobaini.
Gari la wagonjwa limekwama, theluji imefunga barabara.
Torbay. Nyumba ya nne kutoka kwa Loretta.
Tunaomba radhi, nikaanza. Mafundi wako...
ulimi ukagoma, kama punda kwenye daraja.

Msimamizi akaniashiria: usitoe ahadi, usitaje mteja.
Nikageuza kiti, nikampa mgongo.
Nikaunganisha laini mbili.
"Loretta," nikasema, "shemeji yako bado ananguruma?"

Kisha nikanyamaza.
Simu ilikuwa mfukoni mwa koti lake; nikasikia
mlango, buti, mwanamume akiitukana baridi na wazazi wake,
kitu kizito kikiburutwa, kikianguka, kikiburutwa tena.
Mwisho ule mlio, ngurumo ya mlevi,
na nyuma yake, mdogo mno,
puf,
puf,
kifua cha mtu nisiyemjua.

Alfajiri umeme "ulirejea," kana kwamba ulikuwa safarini.
Barua yangu ya onyo ilichapwa asubuhi hiyohiyo,
karatasi bado ina joto: kutoa siri za wateja.
Sijawahi kuona barua ya shirika
iliyofika mapema hivyo.
Juu, tone la bluu.
Chini, saini. Na saini ina jina.
Nimelisoma kwa sauti, jikoni,
mara mbili.